Kuanzisha darasa la uhunzi kwenye karakana ya mtaa: mwongozo kwa vikundi vya Mwanza na kando ya Ziwa Victoria

Idadi ya wanafunzi wa uhunzi haipangwi na ukubwa wa banda wala wingi wa waliojiandikisha. Inapangwa na moto. Chuma cha milimita 12 kikiwekwa kwenye mkaa uliokolea huchukua dakika 2 hadi 3 kufika rangi ya chungwa inayoelekea njano. Kikitoka, mwanafunzi ana sekunde 15 hadi 20 za kukipiga kabla hakijarudi kuwa chekundu kilichofifia. Kwa hiyo tanuri moja hulisha watu wawili vizuri, watatu kwa kubanana: mmoja yuko kwenye fuawe (chuma kizito cha kufulia juu yake), vyuma vya wenzake vimo motoni. Ukiongeza wa nne na wa tano inakuwa foleni. Watu wanapiga soga, chuma kinasahaulika motoni kinaungua, na aliyesubiri kuliko wote ndiye asiyerudi wiki inayofuata.

Kikundi kinachoanza kiwe na tanuri 2, fuawe 4, wanafunzi 6, fundi mmoja na msaidizi mmoja. Wakijiandikisha 15, wagawe makundi, wengine waanze baadaye. Ni afadhali mtu asubiri mwezi mzima nyumbani kuliko kusubiri saa nzima amesimama karakanani.

Banda

Banda liwe wazi pande mbili au tatu, paa la bati liwe juu angalau mita 3 kutoka chini, na ndani kuwe na kivuli kizito. Kivuli kinahitajika kwa sababu mhunzi anasoma joto kwa rangi, na jua la Mwanza la saa 6 mchana linafuta rangi. Chuma kilichofika chungwa kinaonekana kama bado hakijaiva, mwanafunzi anakirudisha, kisha kinatoka kikirusha cheche nyeupe kama kimetiwa baruti. Hapo kimeshaungua. Hakuna nyundo ya kukiponya. Kata sehemu hiyo utupe. Zuia jua kwa mabati ya zamani, wala si kwa turubai la plastiki karibu na moto.

Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Simamisha ukuta wa bati upande wa ziwani ili upepo usiyumbishe moto na kutawanya cheche, na uache wazi upande wa pili moshi utokee, mradi hautokei dirishani kwa jirani. Sehemu za milimani kama Igogo na Mabatini nyumba zimepandiana juu ya mawe, na mlio wa fuawe hupanda mlima wote. Ukiwa na hiari ya kuchagua, kaa chini kabisa au kwenye maeneo yaliyozoea kelele za gereji, kama Nyakato. Hata hapo, mwone mwenyekiti wa mtaa kabla ya nyundo ya kwanza, umweleze siku na saa, na umwonyeshe ndoo za mchanga. Malalamiko yakifika kwake kabla yako, darasa limeshaanza vibaya.

Sakafu iliyo bora ni udongo ulioshindiliwa. Saruji ikiangukiwa na chuma cha moto hupasuka na kurusha vipande. Kama ndiyo uliyo nayo, tandaza mchanga wa sentimita 5 chini ya tanuri na kuzunguka fuawe. Usijengee tanuri kwa mawe yaliyookotwa ufukweni hata yawe mazuri kiasi gani. Maji yaliyojificha ndani yake yakigeuka mvuke, jiwe hulipuka.

Mvua ikinyesha, usifunge pande zote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Mtu akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye.

Tanuri na mkaa

Ringi ya gari dogo inatosha kuwa bakuli la tanuri, lakini iwe ya chuma. Ya aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na moto wa mhunzi unapita nyuzi 1,200. Ziba matundu kwa bati, kisha paka ndani udongo wenye unene wa sentimita 4 hadi 5. Mchanganyiko unaofanya kazi ni udongo wa kichuguu sehemu 3, mchanga sehemu 1, majivu yaliyochekechwa sehemu 1, na maji ya kutosha udongo ushikane bila kunata mkononi. Uache ukauke kivulini wiki nzima, halafu uwashe moto mdogo wa vijiti kwa saa moja. Wanaokimbilia kuwasha siku ya pili huona udongo ukibanduka vipande vipande, na sababu yake ni unyevu uliobaki ndani.

Kwa mkaa, hewa iingie kutoka ubavuni, si kutoka chini. Hewa ya chini hupeperusha mkaa mwepesi na kuula haraka. Chukua bomba jeusi la inchi 1 na robo, urefu wa sentimita 50 ili feni ikae mbali na joto. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Sababu iko mbele. Mdomo wa bomba ujitokeze sentimita 2 ndani ya bakuli, na mkaa uupande juu sentimita 10 hadi 12. Chuma kilale katika nusu ya juu ya mkaa huo, na mkaa mwingine ukifunike. Anayekiingiza mbele ya mdomo wa bomba anakipuliza hewa mbichi: kinaota magamba mazito na kubaki baridi katikati. Hilo ndilo kosa la kila mwanafunzi katika saa ya kwanza, na dawa yake ni kumwonyesha tena na tena mahali penye kiini cha moto.

Feni ya kuzungusha kwa mkono ni bora kuliko ya umeme darasani. Umeme ukikatika somo linaendelea, na mwanafunzi akiacha kuzungusha moto unatulia wenyewe, wakati feni ya umeme itaendelea kuunguza chuma kilichosahauliwa. Ukitumia ya umeme, weka kizuizi cha bati cha kupunguza hewa. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi inafaa pia kama kuna mzee anayejua kuitengeneza, na vijana hujifunza mengi kuhusu moto kwa kuivuta.

Mkaa uwe wa mti mgumu, uvunjwe vipande vya sentimita 3 hivi na kuchekechwa. Vumbi huziba hewa na kurusha cheche. Mkaa wa kubonyezwa una udongo ndani, na huacha majivu mengi na mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka, yanayonata chini ya tanuri. Kwa hesabu ya kuanzia, panga kilo 3 kwa saa kwa kila tanuri. Kipindi cha saa 4 chenye tanuri 2 kitakula kama kilo 24, yaani ndoo 5 hadi 6 za lita 20. Pima mwenyewe vipindi viwili vya mwanzo kabla hujapanga ada, kwa maana mkaa ndio unaomaliza fedha za darasa, wala si chuma.

Fuawe na nyundo

Fuawe ya dukani ni ghali na hakuna haja nayo. Tafuta pini nene ya kijiko cha katapila kwenye gereji za mitambo. Kwa kuwa migodi ya Geita haiko mbali, vipande hivi hupatikana. Pini ya kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 50 ina uzito wa kilo 31 hivi, na uzito wote umesimama moja kwa moja chini ya nyundo. Isimike kwenye kisanduku cha mbao kilichoshindiliwa mchanga. Mchanga unaishika na unapunguza mlio. Ekseli ya trekta au shafti nene ya mashine ya kusaga inafaa vilevile. Lainisha kingo: upande mmoja uviringe kiasi cha unene wa kalamu, upande mwingine ubaki mkali kidogo.

Kipande cha reli ni fuawe nzuri, na kila mtu atakuambia hivyo. Lakini reli isiyo na karatasi za mauzo ni mali ya umma iliyoibwa. Usiipokee hata kwa zawadi. Kikundi cha mtaa hakiwezi kumudu kesi hiyo.

Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi ya mwanafunzi aliyesimama wima, mkono ukining'inia. Iliyo chini zaidi inaumiza mgongo, iliyo juu zaidi inaumiza bega na kumfanya apige kwa kiwiko. Kwa fuawe nne, weka vimo vitatu tofauti.

Nyundo ziwe za gramu 800 hadi kilo 1. Vijana wenye nguvu hukimbilia nyundo ya kilo 2, na baada ya nusu saa mkono umechoka, nyundo inatua ubavu, chuma kinajaa makovu. Uso wa nyundo mpya una kingo kali zinazochora chuma. Zipige grainda, kisha msasa, mpaka ukipitisha kidole huhisi ukingo. Mpini uwe wa mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka. Mpera unafaa.

Chuma cha kufundishia, na kile kisichoingia motoni

Nunua chuma laini kipya cha mraba, skwea baa ya milimita 12. Mche wa mita 6 una uzito wa kilo 6.8 na unatoa vipande 10 vya sentimita 60. Kila mwanafunzi apate 2 na kimoja cha akiba kwa masomo matatu ya mwanzo: vipande 18, miche 2. Urefu huo wa sentimita 60 una maana. Upande wa pili unashikika kwa mkono, kwa hiyo karibu kazi yote kabla ya somo la nne haihitaji koleo. Koleo isiyoshika sawasawa ndiyo inayorusha chuma cha moto, na anayeanza hajui bado kutambua koleo mbaya.

Nondo za ujenzi zinavutia kwa sababu zimejaa kila mahali. Zitumie kutengenezea chokoo za kuchokolea moto na vigingi, si kufundishia. Nyingi zina ganda gumu na kiini laini, na huwezi kujua kipande ulichookota kitafanya nini chini ya nyundo. Mwanafunzi akipasua nondo anadhani kosa ni lake.

Chochote kilichopakwa zinki kisikaribie tanuri: bomba za maji, mabati, boliti nyeupe, seng'enge. Zinki huungua na kutoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta anajisikia sawa, anakwenda nyumbani, halafu baada ya saa 4 hadi 10 anashikwa na homa, baridi kali, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida homa hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Hapa kwetu kando ya ziwa kila mtu ataiita malaria. Kwa hiyo mwanafunzi akiugua usiku baada ya darasa, aende zahanati akapimwe malaria kama kawaida, na amwambie daktari kwamba alikuwa karakana ya chuma. Akibanwa na pumzi, asisubiri asubuhi.

Shokapu na bomba lolote lililozibwa ncha zote mbili ni bomu likitiwa motoni. Vyuma vya kromu, vyenye rangi ya zamani na vilivyogusana na betri za gari viwekwe nje kabisa. Mwanzoni wanafunzi wataleta vyuma vya kila aina kwa nia njema. Weka meza mlangoni, msaidizi akague kila kipande kabla hakijaingia.

Siku na saa

Hapa darasa nyingi hufa kimyakimya. Jumamosi inaonekana siku rahisi, lakini Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi na utakuwa umewafungia mlango. Jumapili utawafungia wengine, Ijumaa mchana wengine. Waulize waliojiandikisha kwanza, ndipo utangaze. Vijana wa mwaloni (ufukweni pa kushushia samaki) wanaovua dagaa wana kalenda yao: dagaa huvutwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Kundi la wavuvi lipangiwe siku hizo za mbalamwezi, siku tatu mfululizo, badala ya mara moja kwa wiki. Mwezi wa Ramadhani usimamishe masomo au uyafupishe yachukue muda wa saa 2 tu asubuhi, kwa sababu kufunga na kusimama mbele ya tanuri bila maji ni hatari.

Kwa wengine, saa 2 asubuhi hadi saa 6 ndiyo nafasi nzuri, kwa vipindi 6. Maji safi ya kunywa yawepo, lita 2 kwa kila mtu, kwenye chombo kisichofanana hata kidogo na pipa la kuchovyea.

Somo la kwanza: kulabu ya S

Somo la kwanza limalizike mwanafunzi akiwa na kitu cha kubeba nyumbani. Kulabu ya S inafaa kuliko kitu kingine. Bucha zinaihitaji, jikoni inahitajika, na ndani yake kuna kuchonga ncha, kupinda na kukata.

Nusu saa ya kwanza ni moto tu: kuwasha, kulisha mkaa kutoka pembeni kwenda katikati, kutoa mavi ya chuma kwa chokoo. Kisha wape udongo wa mfinyanzi. Tengeneza vipande vya udongo mbichi vya mraba wenye unene wa kidole gumba, na kila mmoja avipige kwa nyundo ya mbao kwenye ubao. Udongo huenda pale pale ambapo chuma cha moto kingekwenda, na makosa yote yanaonekana bila mtu kuungua. Meza hiyo ya udongo ibaki kozi nzima. Asiye na zamu motoni anafanyia mazoezi hapo, na foleni inageuka kuwa somo.

Ukifika motoni, chemsha sentimita 5 za mwisho za chuma hadi chungwa inayoelekea njano. Kilaze ukingo wa mbali wa fuawe, upande wa mkononi ukiwa umeinuliwa kidogo, na nyundo iinamishwe kiasi hicho hicho. Piga mara mbili tatu, zungusha robo, piga tena. Ncha itoke mraba kwanza. Ikifika urefu unaotaka, vunja pembe nne ziwe nane, halafu ndipo uiviringe. Wanaoviringisha tangu mwanzo hupata ncha yenye shimo katikati, kwa sababu ngozi ya nje inanyooka na kiini kinabaki nyuma, ukiiendeleza inapasuka. Mraba ukianza kulala upande, na pembe mbili zikawa ndefu kuliko nyingine, mwambie aache kupiga bapa, apige zile pembe ndefu mpaka zirudi, ndipo aendelee. Usimwachie afike mbali na kosa hilo.

Chuma kikififia, kirudi motoni. Pigo la mwisho juu ya chuma kinachoelekea weusi ndilo linalotia ufa ambao hauonekani mpaka siku ya kukatika. Mfundishe kuhesabu kimoyomoyo: akifika kumi na tano aangalie rangi.

Ncha ikifika sentimita 6, ikunje kidogo mwishoni isichome mtu, kisha pinda mkunjo wa kwanza kwenye bomba nene la kipenyo cha sentimita 4 lililobanwa kwenye jiliwa (kibanio cha mezani). Pima sentimita 20 kutoka juu ya mkunjo, kata kwa moto ukiacha uzi mwembamba, vunja uzi huo, na uchonge ncha ya pili. Upande huu sasa ni mfupi, fundi aushike kwa koleo yake au mwanafunzi ashike kwa koleo aliyopewa na kukaguliwa. Mkunjo wa pili uelekee upande wa pili. Sugua kwa brashi ya waya kikiwa bado na moto, kisha kikiwa kimepoa kiasi cha mafuta kufuka moshi bila kuwaka, pangusa kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta ya alizeti. Kinakuwa cheusi kizuri na hakishiki kutu haraka.

Waeleze wazi kwamba kulabu hizi ni za kutundikia vitu vya jikoni na bucha. Hazinyanyulii injini wala mtumbwi.

Somo la pili ni kulabu ya ukutani: kufanya bapa, kusokota, kutoboa tundu kwa moto. Somo la tatu ni komeo la mlango. Haya yanakwenda haraka mkono ukishazoea, na sina mengi ya kuongeza isipokuwa hili: wakati wa kutoboa, kitoboleo kichovywe majini kila baada ya mapigo matatu, la sivyo kitanasa na kuvimba ndani ya tundu. Somo la nne kila mmoja anajitengenezea koleo kwa chuma bapa cha milimita 20 kwa 8, sentimita 40 kila mkono, na ribiti ya milimita 8. Ribiti ikishapigwa, koleo itakaza isifunguke. Rudisha kiungo motoni, kitoe, uifungue na kuifunga mfululizo huku ukiichovya majini, na itakuwa nyepesi.

Somo la tano: tindo

Hili ndilo somo ambalo mafundi ujenzi watalipia peke yake. Tindo, patasi ya chuma ya kuchongea zege, hutengenezwa kwa springi bapa ya gari. Chagua jani lisilo na ufa. Lipitishe grainda kidogo na ulipanguse mafuta ya taa, ufa utajionyesha kwa mstari mweusi. Lichemshe lipite wekundu, lizike kwenye majivu makavu usiku kucha ili lilainike, kesho yake kata vipande vya upana wa milimita 20 na urefu wa sentimita 20.

Chonga makali kwa moto wa chungwa. Usichovye majini hata mara moja wakati wa kufua, kwani chuma hiki hupasuka. Umbo likikamilika, chemsha mpaka sumaku isikishike, kiache kipoe hewani, rudia mara tatu. Hapo chuma kinatulia ndani baada ya kupigwa.

Kutia ugumu: sumaku ya spika mbovu ining'inizwe kwa waya kando ya tanuri. Chemsha sentimita 5 za makali polepole, ukigusa sumaku kila mara. Chuma huacha kuvutwa kwenye nyuzi 770 hivi; ongeza moto kidogo tu juu ya hapo, kisha chovya wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa yakawa vuguvugu. Mafuta ya pamba yanafaa na hapa yanapatikana. Yawe lita 5 au zaidi ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko, maana yakishika moto unafunika tu, kamwe usimwagie maji. Oili chafu ya injini isitumike, moshi wake una sumu. Sogeza tindo juu na chini. Ukiitikisa kando inapinda. Tupa, yaani faili ya kusugulia chuma, ikipita juu yake bila kung'ata, ugumu umeshika.

Ikiwa hivyo bado ni ngumu mno, itavunjika kama kigae. Ing'arishe kwa msasa mpaka iwe nyeupe, kisha weka katikati ya mwili wake juu ya kipande cha chuma chenye moto na uangalie rangi zikitembea kuelekea makali: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Zambarau ikianza kugeuka bluu kwenye makali, karibu nyuzi 280 hadi 300, chovya. Ikikomea njano, makali yatamomonyoka kwenye zege. Ikipita bluu ikawa kijivu, yatakunjamana, na inabidi urudie kutia ugumu. Kichwa kinachopigwa nyundo kibaki laini. Kichwa kigumu hurusha vipande machoni. Wanafunzi wote wasimame kulitazama hili pamoja, mara moja, kabla yeyote hajagusa cha kwake.

Kipindi cha sita kila mtu anatengeneza anachotaka kwa idhini ya fundi: jembe dogo la palizi, kisu cha bustani, nanga ndogo ya mtumbwi.

Mavazi, na kuungua

Viatu vilivyofunika mguu mzima. Ndala na yeboyebo zirudi nyumbani na mwenyewe. Nguo za pamba: fulana ya nailoni huyeyukia mwilini. Khanga na mitandio ifungwe kwa ndani, nywele ndefu zifunikwe kwa kilemba cha pamba. Miwani kila mtu, hata anayetazama tu, na pamba au vizibo vya masikio. Mkono wa nyundo usivae glavu, unapoteza hisia ya mpini. Mwenye umri chini ya miaka 18 alete ridhaa ya mzazi iliyoandikwa.

Wengi hawaunguzwi na chuma chekundu, kwa sababu kila mtu anakiona. Wanaunguzwa na chuma cheusi kilichopoa rangi tu, ambacho bado kina nyuzi mia kadhaa. Weka beseni moja la mchanga lililopakwa rangi nyekundu, vyuma vyote vya moto viwekwe humo na si kwingine, na sheria iwe moja: kitu kilichoanguka chini hakiokotwi kwa mkono. Anayepita na chuma cha moto aseme "moto!" kwa sauti.

Akiungua mtu, mwagilia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa kabla hajavimba, funika kwa kitambaa safi. Hakuna dawa ya meno, hakuna asali, hakuna mafuta. Jeraha la usoni, mkononi, kwenye viungo au kubwa kuliko kiganja chake liende hospitali.

Fundi, fedha na kufunga banda

Mtafute mhunzi kabla ya fundi wa kuchomelea. Wachomeleaji ni wengi na ni hodari, lakini kazi yao ni kuunganisha, wakati hapa unafundisha kuhamisha chuma kwa nyundo. Uhunzi si jambo geni pande hizi: Warongo wa Geita na Buzinza waliyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa Usukuma kabla ya yale ya viwandani. Huenda wazee wenye mkono huo bado wapo vijijini. Mzee akikubali, mheshimu kwa malipo yanayoeleweka, nauli na chakula, msiyaite shukrani. Mwombe jambo moja tu: aonyeshe kwenye chuma chake mwenyewe. Mafundi wazuri wana huruma, wanachukua nyundo ya mwanafunzi na kummalizia kazi, na mwanafunzi anaondoka na kulabu nzuri asiyoweza kuirudia.

Ada ipatikane kwa kujumlisha mkaa, chuma, mafuta, miwani, mipini inayovunjika, malipo ya fundi na msaidizi, na sehemu ya kumi ya dharura, kisha gawanya kwa watu 5, si 6, kwa sababu mmoja ataacha. Ichukue yote kabla ya kipindi cha kwanza au kwa awamu mbili. Kikundi kikisajiliwa halmashauri kinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. SIDO Mwanza, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pa kuuliza kuhusu zana na soko. Na mwanafunzi aliyekomaa kazini anaweza kuulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi ili apate cheti.

Baada ya kila kipindi, hesabu nyundo, koleo na miwani kabla mtu hajaondoka. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye fimbo juu ya sakafu, magamba ya chuma huchoma miguu ya watoto wanaocheza hapo jioni. Kwangua mkaa unaowaka utie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, utautumia tena. Mwagia maji kingo za nje na sakafu, lakini usimwagie udongo wa tanuri ukiwa wa moto, utapasuka. Msaidizi akae nusu saa nzima baada ya wote kuondoka, akague magunia ya mkaa, nguzo za mbao na pembe za banda, ndipo afunge.